Unawapeleka watoto mbuga za kaskazini? Panga safari kwa mdogo kuliko wote

Likizo ya Juni inapokaribia, maswali ya wasomaji wangu hubadilika. Wazazi ambao mwaka mzima wameniuliza kuhusu chanjo, kikohozi na minyoo, huanza kuniuliza kuhusu mbuga. "Dada, nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, naweza kwenda naye Serengeti?"

Jibu fupi ni kwamba unaweza. Jibu refu ndilo makala haya.

Swali lenyewe ni zuri, na ninafurahi kila ninapoulizwa. Watoto wetu wengi wanamjua tembo kupitia kitabu cha kuhesabu na katuni za kwenye runinga. Mgeni anavuka bahari kuja kumwona twiga, huku mtoto aliyezaliwa nchi hiihii akimaliza darasa la saba bila kumwona twiga hata mmoja akitembea. Familia ikijibana na kupata uwezo wa kwenda, iende.

Tatizo ni namna tunavyopanga. Safari nyingi zinazouzwa Arusha hupangwa hivi: siku nne, hifadhi nne. Leo Tarangire, kesho Manyara, keshokutwa Serengeti, siku ya mwisho Ngorongoro na kurudi. Ratiba hiyo inamfaa mtu mzima mwenye kamera. Mtoto wa miaka miwili analala mchana, anakunywa maji kidogokidogo, anataka choo anapotaka yeye, na homa yake haisubiri mfike mjini.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: ratiba ya gari zima ipangwe kwa mwili wa mtoto mdogo kuliko wote. Akiweza yeye, wengine wote wataweza.

Juni moja nilisafiri hivyo na dada yangu, shemeji na watoto wao wawili, mkubwa wa miaka sita na mdogo wa miezi ishirini. Nitaeleza njia tuliyopita, na wapi pa kusimama.

Hesabu ya barabara

Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, karibu siku nzima ndani ya basi. Usimtoe mtoto kwenye basi jioni na kumwingiza mbugani alfajiri ya kesho yake. Mpe Arusha siku moja ya kulala na kucheza. Siku hiyo itumie kununua maji, kulikagua gari na kuzungumza na dereva.

Lami inaanzia Arusha, inapita Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu na kufika geti la Loduare, lango la Ngorongoro. Arusha hadi Karatu ni kama kilomita 140, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Hapo watoto huwa hawasumbuki sana.

Ukishapita Loduare kuelekea Serengeti mambo hubadilika. Mbele yako kuna vumbi, mawe na mtikisiko. Kutoka Karatu hadi Seronera, katikati ya Serengeti, andaa saa nne au zaidi bila kuhesabu kusimama. Njia hiyo inapita ndani ya eneo la Ngorongoro, hivyo utalipia Ngorongoro hata kama hushuki kreta. Familia nyingi hushtukia gharama hiyo getini.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wana nafuu yao. Geti la Ndabaka liko kandokando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na kutokea hapo mnaingia Serengeti upande wa magharibi bila kuzunguka Arusha.

Kuhusu malipo, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi kiingilio, na wa miaka mitano hadi 15 analipa kiwango cha mtoto. Mtanzania analipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko cha mgeni, lakini lazima athibitishe uraia wake. Beba kitambulisho, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Malipo hufanywa kwa mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo usitegemee kufika getini na noti mkononi. Kushuka kreta ya Ngorongoro kuna ada nyingine inayotozwa kwa gari. Hayo yote yaandikwe kwenye makubaliano yenu na wakala kabla hujatoa senti.

Anza na Tarangire

Kama mna muda wa hifadhi moja tu na mtoto ni mdogo, mimi huwaambia wazazi waende Tarangire. Iko kama kilomita 118 kutoka Arusha, karibu safari yote ni lami, na mnaweza kwenda asubuhi mkarudi jioni.

Sababu ya pili ni tembo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni na kuzidi hadi Oktoba, maji hukauka nje na wanyama huufuata mto Tarangire. Mtoto wa miaka miwili hamuoni chui aliyejificha kwenye tawi mita 200 kutoka barabarani. Unamwonyesha, unamgeuza kichwa, anaangalia kidole chako. Tembo anamwona mwenyewe. Wetu wa miezi ishirini alikuwa amelala tangu Makuyuni. Alipoamka, kundi la tembo lilikuwa linavuka barabara mbele ya gari, ndama katikati. Hakulia wala hakucheka. Aliwanyooshea kikombe chake cha maji, akashikilia mkono hivyo mpaka wa mwisho alipopita.

Kuna pia mibuyu mikubwa, ngiri wanaokimbia na mikia juu, mbuni na pundamilia. Vyote vinaonekana bila darubini.

Lakini Tarangire ina mbung'o, na mbung'o wa huko wanauma mchana. Ukiona vitambaa vya bluu na vyeusi vinaning'inia mitini, hivyo ni vya kuwanasa, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta. Kwa hiyo suruali ya jinsi ya bluu na fulana nyeusi zibaki nyumbani. Mvalishe mtoto nguo za rangi ya kaki, kijivu au kijani kilichofifia, zenye mikono mirefu na kitambaa kizito kidogo. Dawa za kupaka za kufukuza mbu hazimzuii mbung'o vizuri. Mkifika penye wengi, fungeni madirisha, hata kama kuna joto.

Mbung'o ndiye anayeeneza malale. Ugonjwa huo ni nadra kwa wanaotembelea mbuga, na sitaki umwache mtoto nyumbani kwa kuuogopa. Nataka ukumbuke tu kwamba mlipita kwenye mbung'o. Mwishoni mwa makala nitaeleza kwa nini.

Ziwa Manyara nalo ni jirani. Ni hifadhi ndogo, yenye msitu wa kivuli unaopata maji kutoka chini ya ardhi, viboko, nyani na ndege wengi. Kwa familia iliyolala Mto wa Mbu au Karatu, nusu siku inatosha. Watoto hupenda nyani. Nyani nao hupenda biskuti za watoto, kwa hiyo mtoto asile huku ameshika chakula dirishani.

Mbu chini, baridi juu

Jambo linalowachanganya wazazi wengi ni mavazi. Ndani ya saa moja ya barabara unatoka kwenye joto la Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ukapanda hadi Karatu iliyo kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi. Juni hadi Agosti ukungu hufunika ukingo huo asubuhi, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto wa Dar hajawahi kuiona baridi ya namna hiyo.

Beba sweta mbili kwa kila mtoto, soksi, kofia ya sufu, na kofia ya jua pia. Jua la kule juu huunguza hata siku ambayo upepo ni baridi.

Chini ni eneo la mbu, na jina Mto wa Mbu halikutolewa bure. Mbu anayeeneza malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri. Mkilala eneo hilo, muulize mwenye nyumba ya wageni kama kuna chandarua chenye dawa kisichotoboka, kinachotosha kitanda na mtoto. Kama hana uhakika, beba chako. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET haipakwi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, na kwa mkubwa wa hapo haipakwi mikononi wala karibu na macho na mdomo.

Usijidanganye kwamba watoto wetu wamezoea malaria. Mtoto anayekulia kwenye mtaa wa mjini wenye malaria kidogo hana kinga kubwa kuliko mtoto wa mgeni, na walio chini ya miaka mitano ndio ambao malaria huwaua zaidi. Wiki mbili kabla ya safari, nenda naye kliniki, ueleze mnakokwenda, na uulize kama anahitaji dawa ya kujikinga.

Karatu ndipo pa kuamua

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoona ni muhimu kuliko zote.

Kabla ya kuondoka Dar tulikubaliana jambo moja, na tuliliandika: Karatu tutalala usiku mbili, na asubuhi ya siku ya tatu tutaamua kama tunaendelea Serengeti. Karatu ni mji wenye hospitali, maduka ya dawa na lami ya kurudi Arusha. Ukivuka kwenda Seronera unaiacha hospitali saa nne nyuma yako, kwenye barabara ambayo magari ya watalii hayaruhusiwi kutembea usiku. Mtoto akianza kutapika saa mbili usiku, utasubiri kukuche.

Usiku wa pili wa Karatu mdogo wetu aliamka akilia. Kipimajoto kilisoma 38.7. Hakuwa na kikohozi wala hakuharisha. Dada alimpa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, akamnyonyesha, tukamwangalia hadi asubuhi. Alikuwa ananyonya, anatuangalia, anatujua. Dalili za hatari tulizijua: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au anayelala usingizi mzito asioamka. Ingejitokeza hata moja tungeondoka usiku uleule.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari alimulika masikio yote mawili, akasema la kushoto limevimba ndani. Akaandika dawa ya siku tano.

Saa tatu asubuhi tukakaa mezani. Chumba cha Seronera kilikuwa kimelipiwa. Dereva alishajaza mafuta. Mkubwa alikuwa amevaa kofia yake tangu saa kumi na mbili, akihesabu kwa vidole ni simba wangapi ataona.

"Homa imeshuka," shemeji alisema. "Na dawa tunazo."

"Imeshuka kwa parasetamoli, baba," dada alimjibu. "Jioni itapanda tena, na sisi tutakuwa wapi?"

Shemeji alinyamaza muda mrefu. Ile ilikuwa pesa ya miezi minane ya kuweka kidogokidogo, na kwa masharti aliyosaini nusu yake isingerudi. Ningekuwa mwongo nikiandika kwamba ulikuwa uamuzi mwepesi. Lakini ulikuwa uamuzi uliokwisha kuandaliwa Dar, kabla ya mtu yeyote kuwa na hasira, huzuni wala kofia kichwani. Alichukua simu, akapiga Seronera kuwaambia hatuji.

Dada alibaki Karatu na mdogo. Mimi, shemeji na mkubwa tulishuka kreta kwa siku moja na kurudi.

Ndiyo maana nawaomba wazazi: wekeni siku ya kuamua ndani ya ratiba, na iwe mahali penye hospitali. Kabla ya kulipa, soma masharti ya kuahirisha na ujue ni kiasi gani hakitarudi, ili usilazimike kuchagua kati ya pesa na mtoto ukiwa barabarani. Na kama mna bima ya afya, uliza mapema ni hospitali gani ya njiani inapokea kadi yenu.

Ndani ya kreta

Ngorongoro inamfaa mtoto wa kuanzia miaka minne kwa sababu kila kitu kiko karibu. Sakafu ya kreta ni kama kilomita za mraba 260, imezungukwa na ukuta wa urefu wa mita 600 hivi. Ndani kuna nyumbu, pundamilia, nyati, viboko, fisi, simba na faru weusi. Huhitaji kuendesha nusu siku kutafuta mnyama.

Magari hushukia upande wa Seneto na kupandia Lerai. Barabara ni ya mwinuko mkali, na gari lazima liwe linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Mtoto afungwe mkanda wakati wa kushuka na kupanda. Paa la gari hufunguliwa mkiwa mmesimama, na mtu mzima amshike kiuno akisimama kwenye kiti. Waambie madereva hivyo waziwazi, kwa heshima. Wapo wanaoona aibu kumkataza mtoto wa mteja, wakisubiri mzazi aseme.

Mpe mtoto kazi ya kufanya. Mkubwa wetu nilimwambia atafute twiga. Alitafuta saa nzima, kisha akageuka.

"Mama mdogo, mbona hawapo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ndani ya kreta hakuna twiga. Ukuta ni mkali mno kwa miguu yao mirefu, na miti ya kula ni michache chini kule. Alikaa kimya akiupima ukuta kwa macho. Simba aliwaona watatu, wamelala kivulini mwa gari la watu wengine. Lakini jioni, alipomsimulia mama yake, alianza na twiga ambao hawakuwepo.

Chakula cha mchana huliwa Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko, penye vyoo. Angalia juu. Mwewe wa pale wamezoea watu, na hushuka kwa kasi kunyakua chakula mkononi. Kucha zao zinaweza kumkwaruza mtoto usoni. Watoto wale ndani ya gari.

Na kanuni isiyo na mjadala: nje ya maeneo yaliyoruhusiwa, hakuna mtu anayeshuka. Kwa mtoto anayejifunza kutumia choo, beba poti na mifuko migumu, amalizie ndani ya gari. Mtoto mdogo anayekimbia kwenye nyasi, kwa macho ya simba au fisi, ana ukubwa na mwendo wa windo.

Serengeti ina umri wake

Kama mdogo wenu ni wa miaka sita au zaidi, au mna siku sita na mfuko unaruhusu, nendeni. Nilifika huko kikazi, na sijaona mahali pengine ambapo mtu anauelewa ukubwa wa nchi hii kwa macho. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763. Ukisimama kwenye kilima cha Naabi unaona uwanda wa nyasi usio na mwisho.

Jiulize kwanza mnafuata nini. Nyumbu, ambao ni zaidi ya milioni moja, hawakai mahali pamoja. Januari hadi Machi wako kusini, eneo la Ndutu, ambako huzaa, wengi wao mwezi Februari. Juni wanaelekea magharibi. Kuvuka Mto Mara, kule kunakoonyeshwa kwenye filamu, ni kaskazini kabisa mwa hifadhi, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi. Likizo ya Desemba wanaanza kushuka tena kusini pamoja na mvua. Familia inayokwenda Seronera mwezi Juni kwa matarajio ya kuona nyumbu wakivuka mto itarudi imekasirika bure. Itaona simba, viboko, twiga na pengine chui, na hao wanatosha.

Laleni Seronera usiku mbili bila kuhamahama. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, rudini saa nne na nusu, mtoto alale, mtoke tena saa kumi jioni. Hata wanyama wenyewe mchana hupumzika.

Kupiga hema kwenye kambi za umma ni nafuu, lakini kambi nyingi hazina uzio, na fisi, nyati au tembo hupita usiku. Kwa mtoto anayeamka usiku kutaka choo, lipieni chumba cha ukuta. Baadhi ya loji hazipokei watoto wa chini ya umri fulani, hivyo uliza kabla.

Mkoba wa mama

Mkoba huu ukae ndani ya gari, miguuni pako, usifungwe na mizigo ya nyuma:

- Kipimajoto, na parasetamoli ya maji yenye kijiko au bomba lake la kupimia. Andika uzito wa kila mtoto kwenye karatasi kabla ya safari. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku.
- ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akiharisha, anza ORS palepale, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukiisha.
- Dawa za mwenye pumu. Vumbi la kutoka Loduare hadi Naabi ni jingi. Beba na kitambaa chepesi cha kufunika pua.
- Maji ya chupa ya kutosha siku nzima na zaidi. Kwa mtoto anayetumia maziwa ya kopo, korogea maji hayohayo. Maji ya asili ya sehemu nyingi za Arusha na Manyara yana floridi nyingi. Kwa siku chache hayana madhara, lakini usiwe na sababu ya kubahatisha.
- Ndizi, viazi vya kuchemsha, mayai. Mto wa Mbu wanauza ndizi nyekundu, tamu, na zinakuja na ganda lake, hakuna mkono uliozigusa ndani.

Mtoto anayenyonya anyonye kama kawaida na zaidi. Hakuna maji safi yanayozidi hayo.

Safari haijaisha mlipofika nyumbani

Mmerudi, nguo zimefuliwa, picha zimetumwa kwenye kundi la ukoo. Weka alama kwenye kalenda, mwezi mmoja mbele.

Malaria hujitokeza mara nyingi kati ya siku saba na mwezi mmoja baada ya mtu kuumwa na mbu. Mtoto akipata homa ndani ya muda huo, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Na ukifika kwa daktari sema sentensi hii bila kuulizwa: "Tulikuwa mbugani, na tuliumwa na mbung'o." Kipimo cha haraka cha malaria hakioni malale. Inabidi damu iangaliwe kwa hadubini na mtu anayejua anachotafuta, na hawezi kukitafuta kama hujamwambia. Eleza pia kama mtoto alipata uvimbe au kidonda pale alipoumwa.

Mdogo wetu sikio lilipona, na mwezi ukapita bila homa nyingine. Dada na shemeji wameanza tena kuweka akiba ya Serengeti. Wamepanga kwenda mdogo akifika miaka sita. Mkubwa atakuwa na kumi, na amekwisha kusema kwamba yeye atakaa kiti cha mbele na dereva.

Kwa mama aliyeuliza kuhusu wa mwaka mmoja na nusu: mpeleke Tarangire, mama. Nendeni asubuhi, mrudi jioni. Serengeti haihami.